KIBARUA AU RUZUKU: KIPI KINAACHA PESA NYUMBANI?

Ndugu msomaji, liko swali linalozungumzwa sana vijijini, pwani kwenye mialo na hata chini ya migomba. Mtu akipata ruzuku ya TASAF, je, aache vibarua? Au kibarua kina faida zaidi, hata kama ujira ni mdogo na siku zenyewe ni za kuhesabu?

Wengine husema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Wengine hujibu, "Kibarua kinakula nguvu, jioni unarudi mikono mitupu." Wote wana sehemu ya ukweli. Basi tusibishane kwa maneno matupu. Tuchukue kalamu na daftari, tupige hesabu.

RUZUKU NI NINI?

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000. Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya zilizochaguliwa zilipewa fedha taslimu kila baada ya miezi miwili.

Katika awamu ya kwanza ya mpango huo, kila kaya ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Kwa kila mtoto wa shule ya msingi ziliongezwa 2,000. Lakini palikuwa na masharti. Mtoto mdogo apelekwe kliniki. Mwanafunzi ahudhurie shule siku 80 katika kila siku 100 za masomo, au zaidi. Masharti yakivunjwa, sehemu ya fedha ilikatwa.

Tuchukue mfano wa kaya ya mama mwenye watoto watatu wa shule ya msingi:

Kiwango cha msingi: 10,000
Kaya yenye watoto: 4,000
Wanafunzi watatu: 6,000
Jumla kwa mwezi: 20,000

Pia zilikuwepo kazi za muda za kijiji, kama kutengeneza barabara, kuchimba malambo na kupanda miti. Mtu mmoja wa kaya, mwenye nguvu, alifanya kazi siku 15 kwa mwezi kwa miezi 4. Malipo yalikuwa 2,300 kwa siku. Siku 60 mara 2,300 ni shilingi 138,000.

Angalieni jambo moja hapo. Fedha hizo za kazi ziliongezwa juu ya ruzuku. Hazikuchukua nafasi yake. Tena kazi ziliwekwa katika miezi ya njaa na ziliwekewa kikomo cha siku, ili mtu apate nafasi ya kulima shamba lake.

KIBARUA CHA DAGAA

Sasa tuje kwetu visiwani Bumbire. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo kibarua cha kuanika na kuanua dagaa ni cha siku chache tu katika mwezi. Mvua ikinyesha, dagaa hawakauki, na kazi huharibika.

Tuseme mama yule yule anapata siku 12 za kibarua, kwa 3,000 kila siku. Viwango hivi ni vya mfano tu. Kila mtu aweke vya kwake.

Ujira: siku 12 mara 3,000 = 36,000
Toa chakula cha mchana mwaloni: 1,000 kwa siku = 12,000
Toa malipo ya mtu wa kupalilia kibanja chake siku 3 = 9,000
Kinachobaki: 15,000

Mama aliyeambiwa anapata 36,000 kumbe anabaki na 15,000. Ile 20,000 ya ruzuku imezidi. Lakini hebu tusikimbilie kusema kibarua hakina maana. Akiwa na vyote viwili anapata 35,000. Hiyo ni tofauti kubwa kwa sukari, sabuni na madaftari.

HASARA ISIYOONEKANA

Hatari iko mahali pengine. Mitumbwi hurudi asubuhi. Mama akitoka alfajiri, nani atabaki na mtoto mchanga? Mara nyingi ni binti wa darasa la nne au la tano. Akikosa shule siku 5 katika siku 20 za mwezi, amehudhuria siku 15 tu. Hiyo ni siku 75 kwa kila 100. Tayari sharti limevunjika. Mama ameongeza fedha mwaloni, huku anapoteza fedha nyumbani. Hata pasipo TASAF, binti amepoteza masomo, na hayo hayalipwi kwa beseni la dagaa.

Hasara ya pili ni shamba. Siku ambayo tajiri anahitaji vibarua wa kupalilia, ndiyo siku ambayo shamba lako nalo linahitaji jembe. Ukipalilia la mwenzako, lako likameza magugu, utanunua chakula kwa ujira ule ule.

WENZETU WANAFANYAJE?

Swali hili si la Bumbire peke yake. Huko Uingereza, serikali huwasaidia watu wenye kipato kidogo. Lakini mtu akianza kazi, msaada hupungua. Tangu mwisho wa mwaka 2021, akishavuka kiasi anachoruhusiwa, kila pauni 1 anayoongeza hukatwa peni 55 za msaada. Akilipa nauli na mtu wa kulea mtoto, anaweza kubaki na kidogo sana. Nao wanapiga hesabu kama sisi.

Hapa petu, kaya za TASAF zilichaguliwa katika mkutano wa kijiji, kisha zikajaziwa fomu inayotazama hali ya nyumba, watu na mali. Kaya iliyoonekana imeimarika huhitimu na kuacha nafasi. Kwa hiyo siku chache za dagaa peke yake si sababu ya kuogopa. Ila tujue kwamba ruzuku ina mwisho. Ndiyo maana haifai kuacha kila kazi kwa ajili yake.

Na je, ruzuku huwafanya watu wavivu? Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Watafiti waliona kwamba kaya zilinunua kuku na mbuzi, na kujiunga na mfuko wa afya. Na hapa hapa Muleba, kule Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni wazee wanaolea wajukuu. Ripoti ya mwaka 2008 juu ya kazi hiyo ilipewa jina ambalo maana yake ni "Chumvi, sabuni na viatu vya shule." Fedha zilikwenda huko.

TUFANYEJE BASI?

1. Kabla ya kukubali kibarua, uliza: Nitalipwa fedha au dagaa? Lini? Nani atapima beseni?

2. Andika daftarini ujira wote, halafu toa gharama zote. Kinachobaki ndicho ujira wako wa kweli.

3. Usimtoe mtoto shuleni. Akina mama watatu au wanne mnaweza kupeana zamu. Mmoja abaki na watoto wadogo, wengine waende mwaloni, na wamgawie.

4. Siku za kupalilia kibanja chako zitengwe kwanza.

5. Viwango na masharti ya ruzuku hubadilika. Muulizeni Mtendaji wa Kijiji yanayotumika sasa, na mhesabu fedha zenu kabla ya kutia sahihi.

6. Kinachobaki, hata 2,000, kiwekwe katika kikundi au kinunue kuku. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu wananchi, kibarua ni kizuri kinapoongeza kilichopo. Kinapokula shamba na shule, ni hasara iliyovaa nguo za faida. Tulijifunza kujumlisha, tusisahau kutoa.