Foto ya karte haiceki: tunajifunza kuchora sura kwa rangi ya mafuta

Mwenzetu mmoja wa kazi alipokufa, familia ilitafuta foto yake ya kuweka kwenye matanga. Walipata paka ile ya karte ya kazi, ndogo kama ukucha, mdomo umefungwa. Mtu ambaye mine mzima ilimjua kwa kucheka! Kiisha matanga, sisi wachache wa sendika hapa Kolwezi tulijiambia: tujifunze kuchora sura.

Tulianza kwa kuiga kazi ya Rembrandt, Muholanzi: mtu anayecheka, meno inje, ya mwaka 1629 ao 1630. Ni picha ndogo, karibu sentimeta 15 kwa 12, na aliichora juu ya bamba la mukuba. Ndiyo, mukuba! Sisi tunatumia kitambaa cha mfuko wa unga, sawa vile wachoraji wa Katanga walizoea.

Wengine walituuliza: juu ya nini kuiga Wazungu? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1946, kule Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alianzisha Hangar, na hakutaka Pili Pili Mulongoy na wenzake waige picha za Ulaya. Alitaka jicho lao wenyewe. Lakini Tshibumba Kanda Matulu naye alimchora Lumumba mara mingi. Mkono unajifunza kwa kurudilia, sawa kijana anayefuata mzee katika galeri.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Kwanza unagawanya picha kwa mistari ya miraba. Kiisha unaweka kivuli kwa rangi ya kahawia nyepesi, mwanga unakuja mwisho. Rangi ya chini iwe na mafuta kidogo, ya juu mafuta mingi, bila hivyo itapasuka. Halafu unangoja ikauke. Hata hapo kazi yetu iko: chumvi ya kobalti inasaidia mafuta kukauka mbio, na buluu ya kobalti inatumiwa na wachoraji tangu karne ya 19.

Tuliharibu vitambaa vinne. Ila ule Muholanzi alitufundisha kitu kimoja: mtu akicheka, mashavu inapanda na macho inafinyika. Tukarudia foto ya karte, tukafungua mdomo wa mwenzetu.

Mama mujane aliangalia kimya. Kiisha akasema: «Njo vile alikuwa anarudia kutoka posti.»

Basi wandugu, musitupe karte za zamani.