Chuo cha Mkoa ni cha Nani?

Bumu likiingia, hakuna anayeuliza limetoka wapi. Tunauliza limeingia shilingi ngapi, na foleni kwa wakala ikoje. Lakini hela hiyo ina historia, na historia hiyo inatugusa sisi wanachuo pamoja na vijana wenzetu ambao hatukai nao darasa moja.

Nchini kwetu kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile ambayo wahasibu wanaiita SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anatozwa asilimia fulani ya jumla ya mishahara anayolipa. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5. Tozo hii ilianza kwa lengo la kugharamia mafunzo ya ufundi stadi. Baadaye mgawanyo ukabadilika, na kwa miaka mingi umekuwa hivi: katika kila shilingi tatu, mbili zinakwenda kwenye elimu ya juu kupitia mikopo, moja inabaki kwa ufundi stadi. Kwa lugha ya mtaani, kijana anayejifunza kuchomelea vyuma Shinyanga na mimi ninayesoma digrii tunakula sahani moja, ila mimi nimepewa kijiko kikubwa.

Siandiki haya ili bumu lipunguzwe. Na mimi nalitegemea. Ila kama tunakula sahani moja na mtu, ni haki tumjue. Hivi vyuo vya mikoani, vya VETA na vya wananchi, vipo kwa ajili gani hasa?

Tuanze na asili yake. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Skandinavia. Wazo hilo lilianzia Denmark katika karne ya 19: watu wazima wanakaa pamoja chuoni, wanajifunza kazi na mambo ya nchi yao, bila mtihani wa kuwachuja mlangoni. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Serikali ilianza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vingi vikirithi majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo ya wakulima. Leo vipo zaidi ya 50. Kimoja kipo Buhangija, hapa hapa Manispaa ya Shinyanga. Vingine vya kanda yetu vipo Sengerema, Malya na Mwanhala. VETA ilikuja baadaye, kwa sheria ya mwaka 1994, ikiwa na kazi ya kusimamia na kutoa ufundi stadi nchi nzima.

Wamarekani nao walifika karibu na hapo kwa njia yao. Chuo cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901, na ndicho kinachohesabiwa kuwa mzee wa vyuo vyao vya jamii: karibu na nyumbani, ada nafuu, mlango mpana. Nchi tofauti, hitaji lile lile.

Mimi ni mtoto wa Ibadakuli. Wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege. Watu wa umeme wanaijua kwa kituo cha kupoza umeme, kwa sababu njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kama kilomita 670, inaishia hapa. Kutoka hapa kuna njia nyingine inayokwenda hadi mgodi wa Bulyanhulu. Kwa hiyo umeme mwingi unapita juu ya vichwa vyetu. Swali ni nani anajua kuushusha ukutani kwa usalama, awashe mashine ya kukoboa, afunge pampu ya maji, atengeneze mota iliyoungua. Kwa jinsi ninavyoona, kazi za chuo cha mkoa zinaanzia kwenye maswali ya namna hiyo, na ziko tatu.

Ya kwanza ni kufungua mlango ambao shule iliufunga. Shinyanga imetajwa kwa miaka mingi kati ya mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Hadi Novemba 2021, Serikali ilipotoa ruhusa, msichana aliyepata ujauzito hakuweza kurudi kwenye shule ya serikali. Binti wa shangazi yangu aliondoka akiwa kidato cha pili. Kilichomrudisha kwenye daftari ni chuo cha wananchi, kwenye mpango wa Elimu Haina Mwisho: masomo ya sekondari yanabanwa katika miaka miwili, fundi anakufundisha kazi ya mikono hapo hapo, na mtoto wako ana mahali pa kukaa ukiwa darasani. Kitu hicho cha mwisho ukikiondoa, mengine yote hayana maana kwa mama wa miaka 18. Chuo kikuu hakikujengwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Ya pili ni kuupa ujuzi wa mtaani hadhi. Jirani yetu ni fundi umeme na mchomeleaji, mikono yake inaijua kazi kuliko wengi wenye vyeti. Likizo iliyopita nilimkuta kwenye karakana yake.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, msomi. Umerudi?”

Nikamuuliza kwa nini haombi kazi kwa wakandarasi wa migodini. Akacheka. “Kazi naijua, mwanangu. Karatasi ndiyo sina. Huko hawakuulizi unajua nini, wanakuuliza cheti kiko wapi.”

Ana hoja, na si migodini tu. Anayefunga umeme kwenye jengo anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na leseni inataka ushahidi wa mafunzo. Kwa watu kama yeye VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hapelekwi kukaa dawati miaka miwili na watoto. Anapimwa kwa vitendo, anaonyeshwa palipopungua, anafundishwa hapo tu, kisha anapewa cheti cha kile anachokijua. Kwa mtu mwenye miaka 45 na familia ya kulisha, huo ndio utaratibu pekee unaotekelezeka.

Ya tatu ni ngazi. Ufundi stadi una ngazi ya 1 hadi ya 3. Ngazi ya 4 hadi ya 6 ni za ufundi, na ya 6 ni stashahada. Kutoka hapo mlango wa digrii upo kwa mwenye sifa. Tangu mwaka 2021 mfumo huu wote uko chini ya baraza moja, NACTVET, ambalo kabla ya hapo lilikuwa NACTE na halikushughulika na ufundi stadi. Maana yake ni kwamba anayeanza na nyundo leo hajafungiwa nje ya ukumbi wetu wa mihadhara. Wapo kati yetu waliopitia njia hiyo, na kwenye maabara huwa unawatambua: wao wanagusa mashine, sisi tunasoma maelekezo.

Sasa tuseme na upande mgumu. Ukanda wetu una almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Mwaka huo huo wa 2009 ulianza mpango maalumu wa kufundisha mafundi wa migodini, kwa ushirikiano wa VETA na wenye migodi. Ukaanzia VETA Moshi. Kijana wa Geita akitaka kujifunza kutengeneza mitambo inayochimba nyuma ya nyumba yao, ilibidi apande basi hadi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa 2012, na pamoja na Simiyu, Njombe na Rukwa ulikaa miaka bila chuo cha VETA cha mkoa, hadi vilipojengwa hivi karibuni.

Umbali huo una gharama ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu. Anayeweza kulipa nauli na chumba ndiye anayesoma. Wengine wanabaki kwenye maduara, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Kanuni za mwaka 2018 zinataka kampuni za madini zitoe kipaumbele kwa Watanzania katika ajira, bidhaa na huduma. Ni kanuni nzuri. Lakini kama hapa Shinyanga hakuna mchomeleaji mwenye cheti, kampuni itamleta wa mbali na haitakuwa imevunja kanuni yoyote.

Halafu mgodi una mwisho. Buzwagi ilimaliza uzalishaji mwaka 2021, na Kahama wanajua maana yake. Chuo cha mkoa kikifundisha kazi ya mgodi mmoja tu, kinakufa na mgodi. Kikifundisha umeme, vyuma na mitambo, mhitimu anahamia kwenye reli, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, au anafungua karakana yake. Ndiyo maana nasema chuo cha aina hii kipimwe kwa namna yake. Sisi chuo kikuu tunajisifu kwa wahitimu waliofika mbali. Chenyewe kiulizwe: waliobaki wanaishi vipi, na mji unaokizunguka unatengenezewa nini na watu wake?

Tunachoweza kufanya ni kidogo lakini kipo. Kwanza tuache ile kauli ya “ukifeli nenda VETA”. Mdogo wako anaisikia, na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeshaweka mkondo wa amali sekondari. Atakayeuchagua asionekane ameshindwa. Pili, serikali yetu ya wanafunzi ina haki ya kuuliza kwa sauti kuhusu ile shilingi moja kati ya tatu. Tukidai bumu liongezwe, tudai pia karakana za mikoani zipate vifaa. Chungu ni kimoja.

Tatu, likizo ni ndefu. Wa elimu anaweza kufundisha hesabu kwa wale akina mama wa masomo ya miaka miwili. Wa uhasibu anaweza kukaa na mafundi akawaonyesha namna ya kutunza hesabu na kuandaa zabuni. Wa uhandisi aende ashike bisibisi, atafundishwa yeye. Barua ya kuomba kujitolea ni ukurasa mmoja. Mimi yangu nimeshaiandikia Buhangija. Wewe angalia chuo kilicho jirani na kwenu.