Kazi ya Wapimaji wa Milima Inayolisha Ziwa la Masinga

Mtu akisimama kando ya ziwa la Masinga, katika Machakos, siku za mwanzo wa masika, huweza kuona jambo la kustaajabisha. Juu yake mbingu ni nyeupe, na ardhi ya Ukambani ingali kavu. Lakini maji ya mto Tana yanaingia ziwani kwa nguvu, tena yamekuwa mekundu kama matofali. Mvua hiyo imenyesha wapi? Na udongo huo umetoka katika ardhi ya nani? Maswali hayo mawili si ya mchezo, kwa maana umri wa bwawa unategemea majibu yake.

Bwawa la Masinga lilimalizika mwaka 1981. Ndilo la juu kabisa katika safu ya mabwawa matano ya Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, nalo ndilo ghala la akiba ya maji kwa ajili ya yote yaliyo chini yake. Lilipojengwa lilikadiriwa kuchukua meta za ujazo milioni 1,560. Mwaka 2009, ukame ulipozidi, maji yalipungua hata mitambo ya umeme ya Masinga ikasimamishwa. Mwaka 2018, mvua zilipokuwa kubwa, ziwa lilijaa hata likafurika.

NCHI YA NYASI JUU YA MSITU

Watu wengi husema kwamba mito hutoka msituni. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Juu ya misitu ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, tangu kama meta 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari, iko nchi nyingine isiyokaliwa na watu. Huko hakuna miti mirefu, bali mafungu ya nyasi ngumu, mabonde yenye majimaji, na mimea mikubwa ya ajabu iitwayo lobelia na senesio. Kila mchana ni kiangazi, na kila usiku ni kipupwe. Kwa hiyo senesio haiangushi majani yake makavu, bali huyavaa shinani kama blanketi. Na lobelia hufumba majani yake jua likitua, hata kitovu chake kisigandishwe na baridi.

Nyasi hizo na udongo wake mweusi hufanya kazi ya sifongo. Hunywa mvua na umande wa ukungu, kisha huyatoa maji kidogo kidogo, hata mito ya Sagana, Thiba, Mathioya, Maragua na Thika huendelea kutiririka katika miezi isiyo na mvua. Lakini sifongo hiyo yaweza kuharibika. Machi 2012 moto ulichoma sehemu kubwa ya nyasi za Mlima Kenya, na Februari 2019 moto ulirudi tena. Mahali palipobaki tupu, maji yaliyo udongoni huganda usiku, yakauinua udongo. Asubuhi barafu huyeyuka, na udongo ukabaki mlegevu, tayari kuchukuliwa na mvua ya kwanza.

KAZI YENYEWE

Mtu hawezi kujua kwa macho tu kama nchi hiyo inapona au inazidi kuharibika. Hapana budi kupima. Wapimaji hupanda na mizigo yao, hupigilia vigingi vya chuma ardhini, kisha huweka juu ya nyasi fremu ya mraba yenye upana wa meta moja. Ndani ya mraba huo huandika kila aina ya mmea, na sehemu iliyofunikwa na nyasi, na sehemu iliyo tupu. Mwaka wa pili hurudi mwezi ule ule, mahali pale pale, na kuhesabu upya. Hesabu ya mwaka mmoja haisemi neno. Hesabu ya miaka kumi husema mengi. Siku hizi picha zinazopigwa kutoka angani huonyesha upesi mahali palipoungua, lakini picha hizo haziwezi kupambanua kila jani. Lazima mtu apige magoti.

Katika mito kazi ni ya namna nyingine. Ubao wenye namba husimamishwa majini, na msomaji wake huandika kina asubuhi na jioni. Mwendo wa maji hupimwa kwa chombo chenye panga ndogo linalozungushwa na mkondo. Kisha chupa hujazwa maji ya mto, maji huchujwa, na udongo uliobaki hukaushwa na kupimwa katika mizani.

Mathalani, mto ukipitisha meta za ujazo 50 kwa sekunde, na kila lita ikiwa na gramu moja tu ya udongo, basi kwa siku moja mto huo umechukua tani 4,320. Hizo ni shehena za malori 432 ya tani kumi kumi. Naye mtu aliyeikata kiu yake kwa maji hayo angeona vumbi kidogo tu chini ya kikombe.

KIPIMO NI SHAHIDI

Haba na haba hujaza kibaba, na bwawa pia. Mwaka 2011 kina cha ziwa la Masinga kilipimwa, na ikaonekana kwamba katika miaka 30 kama sehemu moja katika kumi ya nafasi yake ilikuwa imejaa udongo. Udongo ulio chini ya bwawa hautoki kwa urahisi. Mahali pake pa kuzuiliwa ni kule ulikotoka.

Ni nani basi wa kulaumiwa? Mtu wa bondeni humwonyesha kidole mtu wa mlimani, na mtu wa mlimani humrudishia. Hapo ndipo chupa ya mpimaji inapokata shauri. Vipimo vilivyochukuliwa katika mito ya Kenya tangu miaka ya 1970 vimeonyesha kwamba maji ya nchi iliyofunikwa na msitu hubeba udongo mchache sana. Udongo mwingi hutoka katika mashamba ya mteremko yasiyo na matuta, katika malisho yaliyoliwa hata ardhi ikabaki tupu, na katika njia na barabara za udongo. Kwa hiyo nyasi za juu hulindwa ili maji yasikatike wakati wa kiangazi. Lakini ili maji yawe safi, kazi kubwa iko chini zaidi, na sehemu ya kazi hiyo iko Machakos kwenyewe.

Machakos imewahi kujifunza hasara ya kutoa hukumu pasipo kusikilizana. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi inamomonyoka, ikaamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga. Yeye alihamishwa Lamu, lakini amri ile iliachwa. Baadaye wakulima wenyewe walichimba matuta, hasa yale ya kutupa udongo upande wa juu yaitwayo fanya juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi uliolinganisha hali ya mwaka 1930 na ya mwaka 1990. Watu walikuwa wameongezeka kama mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Hayo yasingejulikana kama hakuna aliyeweka hesabu na picha za zamani.

UAMINIFU WA MPIMAJI

Kazi hii haina sifa nyingi. Huko juu kuna baridi, ukungu unaoficha njia, na nyati na tembo wasiopenda kushtushwa. Huko mtoni kuna kishawishi kikubwa zaidi: siku ya mvua kali, msomaji wa ubao huweza kubaki nyumbani akaandika namba ya kukisia. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo mto hubeba udongo mwingi kuliko wa majuma mengi ya kiangazi. Namba isiyoandikwa huacha pengo ambalo watu huliona. Namba ya uongo hukaa katika daftari kama kweli, na bwawa au daraja huweza kujengwa juu yake.

Basi mchungaji akikuta kigingi cha chuma katika nyasi za mlima, au mvuvi akiona ubao wa namba kando ya maji ya Masinga, asiung'oe wala asiuguse. Chuma kile hakina thamani sokoni. Thamani yake ni miaka kilichokwisha kukaa mahali pake, nayo miaka hiyo haiwezi kununuliwa tena.