Mzimu Unaolinda na Mzimu Unaoua



Mgeni akishuka Tanga na kuuliza kuna nini cha kutazama, ataambiwa habari ya mapango ya Amboni. Na kabla hajafika huko, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji, kando ya barabara iendayo Mombasa, atakuwa amekwisha simuliwa kisa cha Wazungu wawili na mbwa wao. Inasemekana Wazungu hao waliingia pangoni wasionekane tena, lakini mbwa wao alizuka siku nyingi baadaye huko Kilimanjaro. Wengine husema si Kilimanjaro, ni Mombasa. Wasimulizi hubadilika na miji hubadilika, ila mbwa ni yule yule.

Leo nataka tuzungumze juu ya hadithi za namna hii, za mizimu na mahali panapotisha. Sikusudii kuwacheka wanaoziamini. Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Huko Uingereza, katika jimbo la Essex, palikuwa na nyumba ya kasisi mahali paitwapo Borley, ambayo ilisifika kwa mashetani kuliko nyumba zote za nchi hiyo. Iliungua mwaka 1939, na watu bado wakaendelea kwenda kutazama pale ilipokuwa. Ninachotaka ni tujiulize swali moja tu: je, hadithi hizi zinafanya kazi gani?

Tuanze na Amboni. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo, wakakuta kuwa pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Kwa hiyo mbwa yule, kama alikuwepo, alikwenda Kilimanjaro kwa njia ya juani kama mbwa wengine. Mapango yenyewe yamechimbwa na maji. Mawe ya pale ni ya chokaa, na maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni hupata ukali kidogo. Ukali huo huila chokaa polepole, miaka kwa maelfu, mpaka vikabaki vyumba na njia nyembamba. Humo ndani wamejaa popo, na jua likizama hutoka kwa wingi kwenda kutafuta chakula. Asiyezoea akisikia vishindo vya mabawa katika giza lile, mwili humsisimka.

Hata hivyo, aliyetunga kisa cha mbwa hakuwa mjinga. Pangoni taa ikizimika, mtu hajui kushoto wala kulia. Mwambie mtoto, "Usiende, utapotea," naye atakwenda. Mwambie kuna watu wazima waliomezwa na pango, atabaki nje. Hadithi ile ni onyo, na limewafikia hata wasiojua kusoma.

Mle mle pangoni mna chumba cha mzimu. Watu huacha ubani, chupa za marashi na fedha, wakiomba mtoto, afya au riziki. Waweza kukubali au kukataa kwamba kuna anayewasikia. Lakini mahali panapoheshimiwa hapaharibiwi ovyo. Wenzetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana misitu yao ya kaya, ambamo kukata mti au kupiga kelele ni mwiko. Misitu mingi iliyoizunguka ilifyekwa, lakini ya kaya ikabaki, na mwaka 2008 UNESCO iliitia baadhi yake katika urithi wa dunia. Kabla hajaja bwana misitu na karatasi zake, mlinzi alikuwa mzimu.

Kadhalika hadithi hutunza kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 mapango ya Amboni yalikuwa maficho ya Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi. Serikali ya kikoloni iliwaita majambazi, na wananchi wengi wakawaona ni watetezi wao. Wapo wanaosimulia kuwa Otango aliweza kujigeuza umbo asikamatwe. Mimi sijui mtu anayeweza kujigeuza paka, lakini najua kwamba mtu aliyetajwa kwa namna hiyo hasahauliki upesi.

Sasa tuelekee kusini ya mji, mpaka Tongoni. Tongo kwa Kiswahili ni mahali palipohamwa, kwa hiyo jina lenyewe limekwisha tuambia habari. Pale pana gofu la msikiti na makaburi kiasi cha 40 ya mamia ya miaka iliyopita, ya Waswahili waliokuwa na mji wao kabla Wareno hawajafika pwani hii. Na pale mbele ya bandari yetu kipo kisiwa cha Toten, chenye makaburi na magofu ya misikiti. Wengi wetu hulitaja jina hilo pasipo kujua kwamba ni la Kijerumani, na maana yake ni wafu. Mahali pote pawili hupaswi kupapita kwa dharau, ndivyo wazee walivyotufunza. Na ni kweli: mtu anayemwogopa mwenye kaburi hang'oi jiwe lake akajengee choo.

Hadi hapa, wasikilizaji, mizimu yetu ni majirani wema. Lakini ipo hadithi ya namna ya pili.

Mapema mwaka 1995 kulizuka Pemba uvumi wa popobawa, yaani bawa la popo. Ilisemwa kuwa kiumbe hicho huwaingilia watu usiku majumbani mwao, kikawakandamiza na kuwadhalilisha. Uvumi ukavuka hadi Unguja, na watu wakawa wanalala nje, makundi makundi, wamewasha moto.

Jambo hili wazee walilijua zamani, wakaliita jinamizi. Tunapoota, ubongo huvifunga viungo ili tusiinuke na kuyatenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla viungo havijafunguliwa. Mtu hujiona yu chumbani mwake, macho wazi, hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito kama kimekaliwa, na pengine huona kama kuna mtu kando ya kitanda. Jambo hilo hupita baada ya muda mfupi. Ila mahali ambapo watu wote wamekwisha tiwa hofu, kila jinamizi hupewa jina moja, na uvumi huzidi kuota mbawa.

Unguja mwaka huo umati wa watu ulimkamata kijana aliyetoka bara, ukadai kuwa ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili. Walimuua. Popobawa hakuua mtu. Waliomwogopa popobawa ndio walioua. Nasi huku bara hatuna la kujivunia, kwani Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu.

Basi tofauti ndiyo hii. Hadithi ya Amboni inasema, "Mahali hapa paogope." Hadithi ya popobawa iliishia kusema, "Mtu huyu mwogope." Ya kwanza huacha msitu, kaburi na mtoto salama. Ya pili hutafuta wa kumlaumu, na daima humpata mnyonge: mgeni, mgonjwa, au bibi kizee asiye na mtetezi.

Kwa hiyo tusiwakataze wazee wetu kusimulia. Wasimulie, na watoto waogope kidogo, si vibaya. Lakini siku hadithi itakapoanza kunyoosha kidole kwa jirani yako, usingoje umati ukusanyike. Simama useme kwamba huyu ni mtu. Umati ukishakusanyika, sauti ya mtu mmoja haisikiki.

Kwaherini mpaka juma lijalo.