DAWA NI KIPIMO

Ipo saratani ya matezi. Jina lake ni limfoma.

Mwaka 2023, Marekani iliruhusu sindano mpya iitwayo epcoritamab. Ni ya watu wazima ambao limfoma yao haikusikia dawa nyingine. Dawa hii ni kama ina mikono miwili. Mmoja hushika saratani. Wa pili hushika chembe nyeupe ya damu, yaani askari wa mwili. Askari akiletwa karibu, humwua adui.

Lakini askari wengi wakiamka kwa ghafla, huudhuru mwili. Mgonjwa hupata homa na kukosa pumzi. Anaweza kufa. Kwa hiyo dozi huanza ndogo. Wiki ya kwanza ni miligramu 0.16. Ya pili ni 0.8. Ya tatu huweza kuwa 48, yaani mara 300 ya ile ya kwanza!

Hapo ndipo ilipo kazi ya mfamasia. Huizimua dawa na kuipima. Hukagua tarehe. Humweleza mgonjwa kwamba akipata homa asingoje kesho.

Nawe ukipewa dawa yoyote, mwulize mfamasia: Nitumie kiasi gani? Mara ngapi? Nikiona dalili gani nirudi? Usione haya. Kuuliza si ujinga.