Zana za Bure na Deni la Shukrani

Kwa miaka mingi, mtu aliyefungua kihariri cha Vim bila kukitajia faili alipokewa na mistari michache katikati ya kioo kitupu, na mmojawapo ulimwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Uliwekwa na mwandishi wa kihariri hicho, Mholanzi Bram Moolenaar. Alikitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kuchangia kituo cha watoto cha huko, na badala ya kuiuza Vim akawaomba wanaonufaika nayo watoe walichojaliwa. Alifariki Agosti 2023. Mimi huandikia programu zangu humo, na sijaona kinachoeleza desturi za watu wa kazi hii vizuri kuliko ombi lile.

Maana waandishi wa programu tunaishi kwa kupewa. Linux, inayoendesha seva nyingi duniani, ilianza mwaka 1991 kama kazi ya kujifurahisha ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Git, tunayotunzia historia ya kazi zetu, aliianzisha yeye huyo huyo Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo waliyoitumia watengenezaji wa Linux, kuondoa ruhusa ya kuitumia bure. Lakini kupewa huku kuna adabu zake, na mgeni huzijua kwa kusahihishwa. Usiulize kabla hujatafuta. Ukiripoti hitilafu, weka na mfano mfupi unaoionyesha. Kila badiliko liandikie ujumbe wa kueleza kwa nini umelifanya, kwa kuwa atakayeusoma miaka mitano baadaye huenda asiwe na wa kumuuliza. Kazi yako ikaguliwe na mwenzako kabla haijapokelewa, na akikukosoa usinune. Desturi hii ya mwisho imenifunza zaidi ya kitabu chochote.

Huduma za mtandaoni zimerahisisha mno upande wa kupokea. Tangu GitHub ilipoanza mwaka 2008, amri moja inatosha kuleta kwenye kompyuta yako jasho la mamia ya watu, wala hulazimiki kujua jina la hata mmoja wao.

Hatari ya hali hiyo ilionekana kwa XZ, na kilichoipata kilinitia uchungu. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walimsakama kwa barua pepe kwamba anachelewesha kazi. Aliwajibu kwamba afya yake ya akili imekuwa na matatizo ya muda mrefu, na kwamba kazi ile haina malipo. Aliyejiita Jia Tan alikuwa karibu, mchapakazi na mwepesi wa kusaidia, na taratibu akaaminiwa hadi akakabidhiwa madaraka. Mapema 2024 akapenyeza humo mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Machi mwaka huo Andres Freund, mhandisi aliyeshangazwa na ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde alipoingia kwenye mashine zake kwa SSH, aliufukua kabla haujasambaa sana. Wengi walijadili ujanja wa mhalifu. Kwangu mimi, chanzo ni sisi kumwachia mtu mmoja jembe la msaragambo mzima, kisha wengine wakasimama pembeni kumkemea.

Na sisi wa Afrika Mashariki si wapokeaji tu. Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, msimbo wake ukaachwa huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi za OpenOffice. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa sababu wenye OpenOffice waliruhusu yeyote aifungue na kuigeuza.

Basi ndugu mwandishi wa programu, chagua zana moja unayoitegemea kila siku, utafute anayeitunza. Mwandikie umshukuru. Sahihisha maelezo yake, au yatafsiri kwa Kiswahili. Na kama kampuni yako inapata faida kwa zana hiyo, dai itenge fungu la kumlipa.