Karatasi Ilivyompa Bata Donald Ulimi

Watu wengi wanaomfahamu Scrooge McDuck, yule bata mzee mwenye ghala lililofurika sarafu, wanaamini alizaliwa kwenye filamu kama Donald na Mickey Mouse. Sivyo. Alizaliwa Desemba 1947 ndani ya jarida la katuni, na filamu yake ya kwanza ikatoka 1967, miaka 20 baadaye. Kisa chake kinatulazimu kuitazama upya historia ya katuni za Marekani, kwa maana tumezoea kuisimulia kana kwamba studio za filamu ziliumba na majarida yakanakili.

Tuanze na biashara yenyewe. Mickey alianza kuonekana sinemani mwaka 1928, na Januari 1930 akaingia kwenye magazeti ya kila siku kwa visa vifupi vya picha. Mei mwaka huohuo kazi hiyo ilikabidhiwa Floyd Gottfredson, naye akaishika hadi 1975. Oktoba 1940 likatoka jarida la Walt Disney's Comics and Stories. Mwaka uliofuata wahusika wa Warner Bros., wakiwamo Bugs Bunny na Porky Pig, nao wakapata jarida lao. Studio hazikuchapisha majarida haya zenyewe. Kampuni ya Western ya Racine, Wisconsin, ilipata kibali cha kuwatumia wahusika, ikawalipa waandishi na wachoraji, kisha ikapiga chapa. Kampuni ya Dell ya New York ikatoa mtaji na kusambaza. Ushirika huo ulidumu hadi 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jarida hilo la Disney peke yake liliuza nakala zaidi ya milioni 3 kwa mwezi, kila moja senti 10.

Soko lilikuwepo, lakini kazi ya kuwahamisha wahusika ilikuwa ngumu. Filamu fupi ya katuni ilichukua takriban dakika saba, na nguvu yake ilikuwa mwendo, muziki na sauti. Donald, aliyetokea mara ya kwanza 1934, alichekesha hasa kwa ile sauti ya kukwaruza aliyopewa na Clarence Nash. Maneno yake mengi hayakushikika, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hasira zake zilionekana kwa macho. Mweke kwenye karatasi, na vyote vitatu vinatoweka. Ni kama mwimbaji wa taarabu aliyeachwa jukwaani bila ala: anabaki na mashairi yake, na hapo ndipo tunajua kama yana uzito. Donald alibakiwa na visanduku vya picha, kwa kawaida vinane kwa ukurasa, na kiputo cha maneno. Ndani ya kiputo ilibidi azungumze lugha inayosomeka. Na akishazungumza, msomaji atataka kujua anafikiri nini, anaishi wapi, anapata wapi riziki. Filamu ya dakika saba inaweza kuyapita maswali hayo, lakini hadithi ya kurasa kumi au thelathini haina pa kukwepea.

Aliyeyajibu vizuri kuliko wote ni Carl Barks, mtoto wa shamba aliyezaliwa 1901 karibu na Merrill, Oregon. Aliingia studio ya Disney 1935, akawa mmoja wa watungaji wa visa vya filamu za Donald. Mwaka 1942 yeye na Jack Hannah walichora jarida zima kuhusu Donald na dhahabu ya maharamia, kutokana na wazo la filamu ambayo haikutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka huo aliacha studio. Kuanzia toleo la Aprili 1943 akawa anachora hadithi za kurasa kumi za Donald, na punde akawa anazitunga mwenyewe. Barks alikuwa na usikivu dhaifu tangu zamani, na ndiye aliyempa Donald maneno yanayoeleweka.

Chini ya kalamu yake Donald akawa mtu mzima mwenye madeni, anayebadilisha kazi kila mara na kulea wapwa watatu. Wapwa hao, Huey, Dewey na Louie, kwenye filamu walikuwa watundu tu. Kwenye jarida wakawa na busara kumzidi mlezi wao. Mji wa Duckburg ukapata jina 1944. Akaja Gladstone Gander, binamu mwenye bahati ya kupindukia, mwaka 1948, wezi wa Beagle Boys 1951, na mvumbuzi Gyro Gearloose 1952. Hadithi zilipoanza kuwapeleka wahusika safari za mbali, Barks alifungua majarida ya National Geographic ili magofu, milima na merikebu zichorwe kama zilivyo. Msomaji akiuamini mlima, ataamini na bata anayeupanda.

Scrooge mwenyewe aliletwa kwa hadithi moja tu ya Krismasi: mzee mkavu, mpweke, anayetaka kupima ujasiri wa mpwa wake Donald. Barks akaona kwamba mjomba huyu anaweza kubeba zaidi. Mwaka 1952 alimpa jarida lake, na katika hadithi ya kwanza tunagundua kwamba Scrooge anakumbuka alikoipata kila sarafu, na kwamba ghala lake ni kumbukumbu ya jasho la ujana. Bahili wa kuchekwa akawa mtu mwenye maisha nyuma yake.

Kwa miaka hiyo yote wasomaji hawakujua nani anawaandikia. Jina lililochapwa lilikuwa la Walt Disney peke yake. Garé, mke wa Barks, aliyemsaidia kuandika herufi na kutia wino mandhari, naye hakutajwa. Lakini watoto waliutambua mkono wa Barks, wakamwita yule mchoraji hodari wa bata, na mnamo 1960 baadhi ya wasomaji waliokwisha kukua wakafaulu kumpata. Alistaafu 1966 akiwa ameacha hadithi takriban 500. Mwaka 1987 mji wake, wezi wake na mjomba wake wakawa msingi wa mfululizo wa televisheni wa DuckTales. Safari hii filamu ndiyo iliyochota kwenye karatasi.

Studio ilimpa Donald umbo na sauti. Mji, ukoo na mawazo alipewa na mtu aliyelipwa kwa ukurasa, bila ruhusa ya kuweka sahihi. Historia ya wahusika hawa ikiandikwa kwa filamu peke yake inamnyima mtu huyo haki, na wenzake wengi waliofanya kazi vivyo hivyo. Matoleo mapya ya kazi zake sasa hubeba jina la Carl Barks kwenye jalada. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu 1943.